Kinanda Hakikumfukuza Mtu: Led Zeppelin na Albamu Inayowagombanisha Mashabiki

Wapenzi wa roki tupo Mombasa. Hatujazi ukumbi, na wengi wetu mvi zimeshapiga hodi, lakini tukikaa kwa kahawa chungu pale Kibokoni hakuna anayemsikiliza mwenzake. Kuhusu Led Zeppelin, kundi la roki la Uingereza, huwa tunakubaliana karibu kila kitu mpaka tufike mwaka 1979. Hapo mmoja huuliza, "Ile ya vinanda?" na kwa jinsi anavyolivuta hilo neno unajua hukumu imeshaandikwa, imebaki kusomwa.

Ile ya vinanda ni In Through the Out Door, yaani kuingia kwa mlango wa kutokea. Ilitoka Agosti 1979, nyimbo saba, albamu yao ya nane ya studio na ya mwisho waliyoitengeneza wakiwa kundi kamili. Coda ya 1982 ni mabaki yaliyokusanywa baada ya kifo cha mpiga ngoma wao. Mimi ni katika wanaoitetea, na nataka kuitetea vizuri, maana wenzangu wengi huitetea vibaya. Husema tu "si mbaya kihivyo", na utetezi wa namna hiyo ni nusu ya kukiri kosa.

Mashtaka yenyewe ni haya. Kundi lililojengwa juu ya gitaa la Jimmy Page, ngoma za John Bonham na koo la Robert Plant lilimwachia usukani John Paul Jones, mpiga besi, na Jones akaja na vinanda. Jina lake limo katika utunzi wa nyimbo sita kati ya saba. Mbili, South Bound Saurez na All My Love, hazina jina la Page kabisa, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwenye wimbo wowote waliojitungia wenyewe. Page alikuja kusema baadaye kwamba yeye na Bonham waliiona albamu imelainika, na kwamba walishaanza kuzungumzia kutengeneza kitu kizito zaidi. Watu wa gitaa walipolisikia hilo wakafunga jalada la kesi: mwenye nyumba mwenyewe kasema.

Wanunuzi hawakuwa na neno. Ilishika namba moja Uingereza na Marekani, na Oktoba mwaka huo albamu zao zote zilikuwamo kwenye chati ya Billboard 200 kwa mpigo mmoja. Lakini mauzo hayajawahi kumaliza ubishi wa kahawani.

Santuri yangu niliirithi kwa ami yangu, aliyekuwa karani bandarini Kilindini. Mwaka 1980 Kenya na Marekani zilitiliana saini mkataba ulioziruhusu manowari za Marekani kuitumia bandari ya Mombasa, na miaka iliyofuata mabaharia walikuwa wakishuka mjini kwa makundi, mifuko imetuna dola. Wauza vinyago walifaidika, wenye mabaa walifaidika, na vijana wenye Kiingereza cha kubahatisha walijipatia jinzi, kaseti na santuri. Ami alipata hii. "Mwanangu, nilidhani yule bwana aniuzia vitumbua," aliniambia, kwa sababu ilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki.

Ndivyo ilivyouzwa kila mahali. Jalada lilikuwa na picha sita tofauti za baa moja, kila picha imepigwa kwa upande wa mtu mwingine aliyemo humo ndani akimtazama mwanamume mmoja kaketi kaunta, na mfuko uliwekwa ili mnunuzi asijue kapata ipi. Ilikuwa kazi ya Hipgnosis, mafundi wa majalada wa London. Kilichonifurahisha zaidi ni karatasi ya ndani. Ina mchoro wa nyeusi na nyeupe ambao ukiguswa na maji hutoa rangi, na rangi ikishajitokeza haifutiki. Ami hakuwa na habari. Masika moja paa lilivuja juu ya kabati, na alipoitoa santuri kukagua hasara akakuta mchoro umeota madoa. Akasema ni ukungu, ule ukungu wetu wa pwani unaokula viatu na misahafu. Akachukua kitambaa kibichi akaanza kuupangusa. Rangi zikazidi. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, na pale kidole cha ami kilipokaza sana rangi zimeiva kuliko kwingine.

Turudi kwenye kinanda. Kabla hujamtia Jones hatiani, jiulize chuki hii ya kinanda tumeitoa wapi, maana Mombasa kesi hiyo tuliisikiliza zamani sana. Ipo taarabu ya udi, na jina la kwanza hapo ni Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, ambaye nyuzi zake hazikuhitaji msaada wa mtu. Na ipo taarabu ya maarusini ya akina Maulidi Juma, iliyokaribisha kinanda cha umeme, tashkota ile ya Kijapani yenye vitufe vya kubonyeza, na lahani zilizotoka filamu za Kihindi. Duka la Mbwana Radio Service liliuza kaseti za huku na za kule bila kubagua. Walikuwapo watu wa udi waliosema kinanda kitaua utamu. Arusi hazikusimama, na waimbaji hawakunyamaza. Hatimaye sikio la mji likawa linauliza swali moja tu kwa kila ala inayoingia ukumbini: inambeba mwimbaji, au inamfunika? Wimbo kwetu ni maneno na sauti, mengine yote ni watumishi, na mtumishi haulizwi kabila.

Rafiki yangu mmoja, mpiga gitaa, halitaki swali hilo hata kulisikia, na sababu anayo. Miaka mingi alipiga kwenye hoteli za kaskazini, Bamburi mpaka Shanzu, katika bendi ya watu watano: watalii wanakula, bendi inapiga, kila mwezi mshahara unaingia. Kisha vikaja vinanda vyenye midundo ya kubonyeza. Kitufe hiki rumba, kitufe hiki rege, kitufe hiki bosanova, na besi inajipiga yenyewe. Hoteli aliyokuwamo ikabakisha mtu mmoja na kinanda, wanne wakaambiwa asante. Kwa hiyo All My Love inapoanza, yeye hamsikii Jones. Amsikia meneja akipunguza watu. Siwezi kumlaumu, na ninaamini kwamba nusu ya chuki dhidi ya albamu hii, hapa na ng'ambo, ni ya namna hiyo: watu wanailipiza mambo yaliyotokea baadaye, miaka ya themanini, vinanda vilipomwagika kila redio na kila ukumbi wa arusi.

Ila kinanda cha Jones hakikumfukuza mtu. Wenye kazi walichelewa kazini.

Walirekodi Novemba na Desemba 1978 katika studio ya Polar, mali ya ABBA, huko Stockholm. Walikuwa wakiruka mwanzo wa wiki na kurudi Uingereza mwisho wa wiki, na kwa muda wa wiki tatu hivi kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Page alikuwa ameshikwa na heroini, Bonham na pombe. Jones ameeleza waziwazi kwamba kundi lilikuwa limegawanyika kambi mbili, na kwamba yeye na Plant walikuwa katika ile iliyokuwa safi kidogo. Hao wawili walifika saa iliyopangwa. Wenzao walifika usiku, wakati mwingine usiku sana. Sasa wewe ungefanya nini? Jones alikuwa na Yamaha GX-1, kinanda kikubwa cha ghali ambacho waliokuwa nacho duniani ni wa kuhesabika, na alikuwa na mwimbaji aliyekaa mbele yake akiwa na jambo la kusema. Wakaanza.

Jambo lenyewe ndilo hili. Julai 1977, kundi likiwa ziarani Marekani, mtoto wa Plant, Karac, mwenye umri wa miaka mitano, alifariki nyumbani Uingereza kwa maradhi ya tumbo ya ghafla. Ziara ilikatizwa palepale. Plant alirudi kuzika, akajifungia na familia yake, na ilikaribia aache muziki moja kwa moja. Walipoingia studio kurekodi ilikuwa zaidi ya mwaka umepita. Watu wanaoilaumu albamu kwa ulaini huwa wanalijua hilo, wanalisema hata kwa huruma, kisha wanaendelea kuidai ile ngurumo ya 1971.

All My Love ni wimbo wa Karac. Plant hamtaji mtoto kwa jina, wala halii kwa sauti. Anaimba chini, karibu na maikrofoni, bila ile mikwaruzo ya juu iliyomtajirisha. Kinanda kinaanza, gitaa linafuata nyuma likishikilia tu, na katikati Jones anapiga solo yenye sauti ya tarumbeta, imenyooka, haina pambo, ungedhani imetoka kanisani karne nyingi zilizopita. Mwishoni wimbo unapanda ngazi moja juu, na hapo ndipo Plant anajiachilia kidogo, maneno yanapungua, inabaki sauti. Page hakukipenda kiitikio. Alisema aliweza kuwawazia watu uwanjani wakipunga mikono. Huenda. Lakini washairi wetu wameandika tanzia kwa karne nyingi, kwa vina na mizani, beti baada ya beti, na sijawahi kumsikia mtu akilalamika kwamba tanzia haikuwa na makeke. Wimbo wa kumlilia mtoto ulitakiwa uwe mgumu kwa faida ya nani?

Hapa kinanda kinambeba mwimbaji. Swali limejibiwa, angalau kwa wimbo huu.

Sasa Fool in the Rain, ambao ndio wimbo ninaompigia mtu asiyependa roki kabisa, na sijaona aliyeutoka. Kisa chake ni chepesi: mtu kasimama kona ananyeshewa akimngoja mwanamke, moyo unamwenda mbio, haji, haji, kumbe kona si hiyo. Uzito uko kwenye ngoma. Bonham anapiga mdundo wa kumi na mbili kwa nane, umegawanyika tatu tatu, na kishindo kikubwa anakichelewesha hata unahisi wimbo unatembea polepole huku mkono wa kulia ukienda haraka juu ya matoazi. Katikati ya vishindo anaigusa ngoma ya waya kwa ncha ya fimbo, kidogo sana, ukiwa na spika mbovu huisikii. Tatu tatu hiyo kwa mtu wa Mombasa si ngeni. Ni ya chakacha. Mwanamke yeyote aliyekulia kwenye maarusi ya Mji wa Kale kiuno chake kitaanza kuhesabu kabla kichwa hakijauliza ni nani hawa. Nimeliona kwa dada zangu, wasiomjua Bonham wala nduguye.

Kisha, katikati, wimbo unapinduka. Filimbi zinalia, ngoma zinaongezeka, wanaingia samba ya mbio. Kombe la Dunia la 1978 lilikuwa Argentina, na makelele ya mashabiki wa Amerika ya Kusini ndiyo yaliyowatia wazo hilo. Linasikika la kipuuzi ukilieleza kwa maneno, wazungu wa Uingereza wanacheza samba Stockholm mwezi wa Desemba. Lakini angalia Bonham anavyorudi kutoka kwenye samba kuja kwenye tatu tatu yake: hakuna mahali anapojikwaa. Huyu ndiye yule wa kambi isiyo safi, aliyekuja usiku. Kwa hiyo na wale wanaosema albamu ni ya watu wawili tu nao wapunguze. Vinanda ni vya Jones, lakini uti wa mgongo wa nyimbo zote saba ni Bonham, na sidhani kama kuna albamu yao nyingine ambapo alipiga kwa adabu kiasi hiki.

Carouselambra ndio mgogoro hasa. Ni zaidi ya dakika kumi, na kwa wanaoichukia albamu hii wimbo huu ni ushahidi namba moja. Kinanda kinaanza kwa kasi na hakipumui. Nimeusikiliza mara nyingi nikivuka feri ya Likoni, na naweza kukwambia kwamba ukiubonyeza kamba zinapofunguliwa, utakuwa umeshapanda mlima wa upande wa pili, umeshawapita wauza mihogo, na Jones bado anaendelea. Una sehemu tatu. Ya kwanza ni mbio. Ya pili inatulia ghafla, na hapo gitaa la Page la shingo mbili linatoa nyuzi zinazong'ara zikining'inia hewani, na unakumbuka kwamba mtu huyu hata akiwa mgonjwa alikuwa Jimmy Page. Ya tatu inarudi kwenye mwendo, karibu ya disko. Tatizo lake halisi si kinanda. Tatizo ni kwamba sauti ya Plant imezamishwa chini ya kila kitu, maneno hayashikiki, na hapo lile swali letu la ukumbini linajibiwa vibaya: mwimbaji kafunikwa. Mwenye dhamana ya uzalishaji jina lake limeandikwa kwenye jalada, na ni Page, si Jones. Mtu wa kinanda analipishwa deni la mtu wa meza ya kuchanganyia sauti.

Hata hivyo sitaki wimbo huo uondolewe. Ni kundi la miaka kumi linajaribu kitu ambacho halikijui, na linajaribu kwa urefu wote. Wengi wenye umri wao wakati huo walikuwa wanajirudia.

In the Evening unafungua albamu kwa mvumo mrefu wa gitaa unaotisha kidogo, halafu Plant anaingia na kundi zima linaanguka nyuma yake. Watu wa gitaa wangeanzia hapa wasingekuwa na ugomvi na mtu. I'm Gonna Crawl unaifunga kwa buluzi ya polepole iliyofunikwa nyuzi za kinanda, na karibu na mwisho Plant anapiga ukelele ambao, ukishajua ya Karac, hutausikiliza ukiwa unafanya kazi nyingine. South Bound Saurez ni piano ya New Orleans, changamfu, inapita. Hot Dog ni mzaha wa kikantri uliostahili kubaki studio.

Na hapa naomba nilalamike kidogo. Agosti 4 na 11 mwaka 1979 walipiga Knebworth, Uingereza, mbele ya umati mkubwa sana, maonyesho yao ya kwanza nyumbani baada ya miaka minne. Albamu ilikuwa haijafika madukani. Kati ya nyimbo saba mpya walichagua kupiga mbili: In the Evening, sawa, na Hot Dog. Hot Dog! Kama watu walitoka pale wakidhani kundi limechoka, wa kulaumiwa si magazeti.

Septemba 25, 1980, Bonham alifariki akiwa na umri wa miaka 32, baada ya siku nzima ya kunywa. Desemba mwaka huo wenzake watatu wakatangaza kwamba hawataendelea. Ile albamu nzito aliyoizungumzia Page haikurekodiwa, na tangu hapo imekuwa ikitumika kama fimbo ya kuipigia hii iliyopo. Ni rahisi mno kuipenda albamu ambayo hakuna aliyeisikia. Mimi nina mashaka nayo. Naona Jones na Plant walikuwa wamefungua mlango, na wale wengine wawili walikuwa wanatafuta njia ya kuufunga, na hakuna ajuaye nani angeshinda.

Ukitaka kuianza leo, toleo la 2015 lina diski ya pili yenye michanganyo ya awali, na majina ya muda yamo: Carouselambra umeandikwa The Epic, All My Love umeandikwa The Hook. Sikiliza hiyo baada ya ile rasmi, usitangulize. Na anzia upande wa pili, Carouselambra, All My Love, I'm Gonna Crawl, kwa mpangilio huo, usiku, watoto wakishalala. Upande wa kwanza utajitetea wenyewe kesho yake.

Rafiki yangu wa gitaa bado haitaki. Lakini Fool in the Rain umemwingia, na juzi akaamua wauweke kwenye orodha ya nyimbo za hotelini, yeye na yule kijana wa kinanda anayepiga naye siku hizi. Wakakaa sebuleni kwangu kutafuta mdundo. Kijana akabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine: shafo, rege, wolzi, kimoja kimeandikwa Afro ambacho hakikuwa Afro ya mahali popote. "Hapana humu," kijana akasema. Ikabidi waende Majengo kumtafuta mzee mmoja apigaye msondo kwenye chakacha. Mzee akausikiliza wimbo nusu kwenye simu, akauliza kama hawa watu ni wa Tanga, akaanza kuupiga. Ijumaa watakuwa watatu kwenye hoteli moja huko Nyali, na meneja ameshapiga simu kuuliza huyo wa tatu atalipwa na nani.